Maoni Yangu kwa Namba Saba

Kwetu Uganda jina halifichi kitu. Ukilisoma tu umeshajua mtu ni Msoga wa Jinja au Mgisu wa Mbale, Mwislamu au Mkristo. Kwa hiyo nilipotafuta mwandishi wa programu wa kufanya kazi nusu siku, akiwa nyumbani kwake, nilimwagiza karani afute majina yote na kuweka namba. Sikutaka mtu aseme ofisi yangu ya Jinja inaajiri watu wa kwetu Mbale tu. Nilijiona mtu wa haki sana.

Kila mwombaji alipewa jaribio moja: kutengeneza programu ndogo ya kupanga zamu za wagonjwa katika zahanati. Namba saba alinikera. Maelekezo yale yale aliyarudia kwa kila siku ya wiki, badala ya kuyaandika mara moja na kuyaita yanapohitajika. Juu ya kila sehemu aliweka mstari wa nyota. Nyota kama zile hata mimi nilizichora nilipokuwa shule. Nikazicheka, nisijiulize nilizitoa wapi. Sina subira na kazi mbovu, na mtu asiye na jina ni rahisi kumtukana. Nikaandika: "Aliyekufundisha hakukufundisha." Karani akatuma vile vile. Kazi nikampa namba mbili, ambaye baadaye nilijua ni mama mmoja wa Nabuyonga, kule kule Mbale.

Wiki iliyofuata, asubuhi, aliingia ofisini mwalimu wangu wa kompyuta wa sekondari, kofia kichwani na daftari kwapani. Nilisimama kwa furaha nikamtolea salamu, nikidhani kaja kunijulia hali. Aliitikia, akaketi, akaweka karatasi mezani. Yalikuwa maoni yangu.

"Namba saba ni mimi," alisema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alinieleza, bila kulalamika, kwamba amestaafu, na mkewe amepooza upande mmoja. Hawezi kumwacha kila siku. Leo shemeji yake ndiye amebaki naye nyumbani Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Kazi ya nusu siku, ya kufanyia nyumbani, ndiyo pekee aliyoiweza. Nami nilikuwa nimeshaigawa.

"Mwalimu, nisamehe. Sikujua ni wewe."

"Najua. Ndiyo maana ulisema kweli." Alifungua daftari. "Mimi nimekuja unionyeshe wapi nilikosea. Nilikuwa nawaambia nyinyi, mtu kama hajui, anauliza."

Kisha akanyoosha kidole kwenye ile sentensi yangu.

"Lakini hii, wacha nikuambie. Mimi hakuna mtu alinifundisha. Shule ilileta kompyuta mbili, mwalimu hakuna. Jumapili nilikuwa nasoma kitabu, Jumatatu nafundisha nyinyi."

Nilikumbuka ubao. Darasa zima na kompyuta mbili. Programu zetu tuliziandika kwa chaki, na yeye ndiye aliyekuwa akizipamba kwa nyota ili walioketi nyuma waone sehemu moja inaishia wapi. Bila chaki ile nisingekuwa na ofisi wala karani wa kumtuma. Nilimwambia hivyo, lakini macho yake yalikuwa kwenye skrini.

Tulikaa hadi adhuhuri. Nilimwonyesha jinsi ya kuandika jambo mara moja na kuliita. Aliandika polepole, akauliza mara mbili, mara ya tatu akajaribu mwenyewe na programu ikakubali. Hakufurahi. Alikaa akiitazama.

"Kumbe nilifundisha nyinyi vibaya," alisema. "Watoto wote wale."

Niliona haya, na haya ile ninayo mpaka leo.

Tuliswali, kisha nikamsindikiza hadi barabarani, maana alikuwa na haraka ya kurudi kwa mgonjwa wake. Nikamwambia nafasi nyingine ikitokea nitampigia simu mwenyewe, naye asisumbuke na jaribio. Jina lake linatosha.

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipochungulia daftari la jirani darasani.

"Hapana," alisema. "Weka namba tu. Nikipata kazi, nataka nijue nimepata."