Kijitabu cha Kahawa Nilichokisoma Mbio

Ile Jumatano bado naiona, mwanangu, kama ya juzi. Uhuru ulikuwa bado mchanga, huku kwetu Othaya, na mimi nilikuwa kijana niliyeishia darasa la nne, lakini kichwani nilishakuwa mtangazaji wa redio.

Kila Jumatano alasiri watu wazima walikutana kanisani kusoma gumbaru, masomo ya wale ambao hawakupata shule. Mwalimu alitugawa wanne wanne. Mmoja anasoma, kisha kila mtu anasema kwa maneno yake amesikia nini, na atafanya nini shambani kwake. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa kikundi chetu. Hayo mazungumzo niliyaona ya kupoteza wakati. Kitu si kimeandikwa?

Wiki hiyo nilipewa mapema kijitabu cha kutunza kahawa. Nikakipitia mara moja, mbio. Asubuhi ya Jumatano nikachukua msumeno, nikaanza kukata mashina ya zamani ya kahawa ya mama, ili machipukizi yachukue nafasi yao. Miti ishirini tu, na ndiyo iliyotulea tangu baba afariki.

"Una hakika?" mama akauliza.

"Mama, imeandikwa!"

Nikakata mitatu, nikaenda darasani kifua mbele, nikasoma kwa sauti ya taarifa ya habari.

"Polepole, wewe," akasema Shosho Wangechi, bibi aliyekuwa bado anajifunza herufi. "Kwani unafukuzwa? Rudia hapo. Ati machipukizi yakianza nini?"

"Yakianza kuzaa."

"Halafu?"

"Ndipo ukate shina la zamani."

"Basi mimi naacha la zamani mpaka hili changa linipe kahawa," akasema jirani yetu, Baba Muthoni. "Nikikata yote leo, mwaka ujao nitachuma nini? Majani?"

Wakacheka. Zamu yangu ikafika.

"Mimi nimeshakata mitatu."

Shosho hakunicheka. "Na mama yako yuko wapi saa hii?"

Nikakumbuka nilimwachia msumeno. Mwanangu, nilikimbia! Nilimkuta amepiga magoti kwenye mti wa nne, msumeno umegusa gome.

"Mama, acha! Sikuwa nimeelewa. Shosho Wangechi ndiye ameelewa."

"Yule asiyejua kusoma?"

"Hajui. Lakini anauliza."

Akakaa chini, akaiangalia ile mitatu, kisha akaniangalia mimi. Jumatano iliyofuata akaja darasani yeye mwenyewe, na swali lake tayari. Miti kumi na saba ilizaa, na mpaka leo najivunia kile kikundi cha watu wanne kuliko sauti yangu yote.

Kwa hivyo nakuambia, soma na wenzako. Mwache kila mmoja aseme alichosikia, hata yule wa polepole, yeye hasa. Ukikosea, sema mbele yao mapema, kungali na kitu cha kuokoa. Mungu akupe masikio mapana na marafiki wasioona haya kukusahihisha, na shamba lako lizae mpaka uwaite majirani kuchuma.