Yule Mmoja Ambaye Hakucheka

Ule mchezo wa jukwaani wa kamba niliuandika mimi. Nimelikana jambo hilo kwa miaka mingi: mbele ya prefe, mkuu wa shule yetu, mbele ya paroko, mbele ya wanafunzi wangu, na mara moja mbele ya dada yangu mwenyewe, ambaye alitambua sentensi zangu na kuniambia hivyo uso kwa uso. Yeye nilimwambia mchezo ulitoka Bukavu, umepigwa fotokopi. Wengine niliwaambia ulitoka Kisangani. Siku ambazo nilikuwa nimechoka kudanganya nilisema haukuwa na mwandishi, eti ulizuka tu, kama uyoga. Watu watatu peke yao waliusikia ukweli kinywani mwangu, na wote watatu waliusikia dakika moja, kwenye simu moja.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kifaransa na fasihi katika shule moja ya sekondari kwenye vilima kati ya Mushaki na Karuba. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kitabu changu chenye jalada la buluu, zaidi ya kurasa mia moja juu ya kinaya. Humo niliandika kwamba kinaya ni silaha ya asiye na silaha. Maprofesa walitikisa vichwa kwa kuridhika. Nami nilitikisa changu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amewahi kusimama mbele ya kamba na gunia la maharage mgongoni.

Kamba yenyewe ilikuwa chini ya shule, pale barabara inapokunja. Ilizuia njia, imefungwa kwenye mkaratusi upande mmoja na kwenye mti mkavu upande wa pili, na wenye kamba walikaa kivulini na bunduki zao magotini. Mwenye maharage aliacha kopo moja. Mwenye makaa aliacha mfuko. Baba aliyeteremsha jibini kutoka malishoni aliacha jibini moja nzima. Lakini hiyo haikutosha. Kamba haikuteremshwa mpaka useme, kwa sauti ya kusikika, "Asante kwa usalama." Wenye sauti ndogo walirudia.

Darasani mambo hayakuniendea vizuri. Nilieleza kinaya kwa mifano ya kwenye kitabu, watu wa Ulaya wanaosifiana nguo mbaya, na darasa la tano likanitazama kama ng'ombe wanavyotazama mvua. Mwishowe msichana mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Madame, ni kama ile asante ya kwenye kamba?"

Darasa likacheka mpaka mwalimu wa hesabu, aliyekuwa chumba cha pili, akaja kuchungulia mlangoni.

"Kinaya njo hiyo," nilimwambia msichana. Wiki hiyohiyo nikaandika mchezo.

Ulikuwa mchezo mfupi. Kijiji kinafungiwa kamba, na mzee mmoja anashukuru. Anatoa maharage, anashukuru. Anatoa mbuzi, anashukuru kwa sauti zaidi. Anatoa shati, kisha anaomba wamfungie kamba ya pili nyuma ya nyumba yake, ili asikose kushukuru hata siku ambazo hasafiri. Mwishoni kamba inaoza na kukatika. Walinzi wanafadhaika. Mzee anawaambia wasisumbuke. Anashika ncha moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa mkono wa kushoto, mikono imenyooka, na anabaki amesimama katikati ya barabara. Yeye mwenyewe anajiambia asante, anajiteremsha, anajipandisha. Hakuna neno moja baya juu ya mtu yeyote. Nilijiona mwerevu mno.

Mzee aliigizwa na yule mwalimu wa hesabu, mwanamume mwembamba, mpole, mwenye kipaji cha kuchekesha ambacho hesabu zilikuwa hazijakiua. Tulipanga kuucheza alasiri ya sikukuu ya shule, mbele ya wazazi peke yao.

Sasa, mtu asiyetoka kwetu lazima aelewe kitu kinachoitwa protokole. Kwetu hakuna sikukuu bila mtu wa protokole, mwenye koti na utepe kifuani, ambaye kazi yake ni kukalisha watu kulingana na ukubwa wao. Mgeni mkubwa akifika bila kutarajiwa, mtu wa protokole hababaiki. Anatafuta kiti chenye kitambaa, anakiweka mbele, na chochote kitakachofuata, wimbo, ngoma, hotuba, anakitoa kwa heshima ya mgeni huyo. Kumwacha mgeni mkubwa atazame kitu ambacho hakikutolewa kwake ni kumtukana. Mtu wetu wa protokole alikuwa hodari. Mchezo alikuwa hajausoma.

Wimbo wa kwanza ulipokwisha, mkubwa wa kamba aliingia ukumbini na watu wake wanne. Alikuwa amesikia ngoma. Wazazi walisimama. Kiti chenye kitambaa kilipatikana. Na mtu wa protokole, jasho likimtoka, akasema maneno ambayo bado nayasikia nikiwa na homa:

"Mheshimiwa mgeni wetu, mchezo unaofuata unaitwa *Kamba*, na shule nzima inautoa kwako, kwa moyo wote!"

Nilikaa benchi la tatu. Mwalimu wa hesabu alitoka nyuma ya pazia akiwa amevaa kofia ya mzee, akaona nani amekaa mbele, na kwa kitambo kifupi nilidhani atakimbia. Kisha akaanza kushukuru. Angefanya nini kingine?

Ukumbi uliogopa kwa dakika mbili. Halafu mkubwa wa kamba akacheka. Kicheko chake kilikuwa kinene, cha mtu aliyeshiba. Watu wake wakacheka kwa sababu yeye alicheka, na wazazi, walipopata ruhusa hiyo, walicheka kama watu waliokuwa wamebana kicheko tangu kamba ifungwe. Mama mmoja alianguka juu ya jirani yake. Paroko alifuta machozi. Mzee aliposhika ncha mbili za kamba na kujiteremsha mwenyewe, mkubwa alipiga goti lake kwa kiganja.

Kwenye kitabu cha buluu nilieleza kwa madaha kwamba katika tamthilia mtazamaji hujua lile ambalo mhusika hajui, na hapo ndipo utamu ulipo. Alasiri ile nilihesabu nani anajua na nani hajui, nikapotea. Kama yule wa kwenye kiti hakujua, tulikuwa salama mpaka mtu amweleze. Kama alijua, basi alikuwa anatutazama sisi.

Mchezo ulipokwisha alisimama. "Kazi nzuri sana! Mwandishi asimame nimusalimie."

Nikageuka nyuma kumtafuta mwandishi. Sikupanga, shingo ilikwenda yenyewe. Jirani yangu naye akageuka, na benchi lililofuata, mpaka ukumbi mzima ukawa unatazama ukuta wa nyuma, ambako hapakuwa na kitu ila picha ya Bikira Maria.

"Mwandishi haiko, mukubwa," mwalimu wa hesabu alisema kutoka jukwaani, kamba ikiwa bado mikononi. "Michezo kama hii inapitaka tu, kama mvua."

"Basi wewe njo utakuja nayo. Mukubwa wangu iko Walikale. Yeye alisomaka, iko anapenda mambo ya kusoma. Wiki ijayo nitatuma pikipiki. Na lete daftari, bale vijana ya kule bajifunze."

Alisoma. Mjinga mwenye bunduki nilikuwa nimeshajifunza kumwogopa. Msomi mwenye bunduki nilikuwa sijamfikiria kabisa. Labda alikaa darasa kama langu. Labda alipata alama nzuri kwenye kinaya.

Daftari lilikuwa kwa mwandiko wangu. Jumapili nilijifungia nyumbani nikaunakili mchezo upya kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Na nilipokuwa nanakili nilipata wazo la kuokoa maisha: nitaondoa kinaya. Nitauacha uwe sifa ya kweli. Nilisoma mstari wa kwanza nikitafuta cha kuondoa. "Asante kwa usalama." Maneno hayo si yangu, ni ya kamba yenyewe. Mstari wa pili ulikuwa shukrani. Wa kumi, shukrani. Nilisoma mpaka mwisho kalamu ikiwa juu, tayari kukata, na sikupata cha kukata. Kinaya hakikuwa kwenye karatasi. Kilikuwa kwenye masikio ya watu waliobeba magunia. Wao ndio walioniandikia nusu ya mchezo. Nilikuwa nimesoma miaka mitano ili nielewe jambo hilo, na nilielewa siku ambayo halikuweza kunisaidia.

Pikipiki ilikuja Jumanne. Mwalimu wa hesabu alipanda nyuma, kofia ya mzee ndani ya mfuko wa plastiki.

"Usiogope, dada," aliniambia taratibu. "Kule nitachezea chini-chini. Sitachekesha sana."

"Na wakikuuliza nani aliandika?"

"Nitasema ni mimi."

Nilipaswa kusema hapana. Nilisema, "Njia njema."

Walikale ni mbali hata siku nzuri, misitu na matope, na simu yake waliichukua kwenye kamba ya kwanza. Siku nne zilipita, kisha saba, kisha kumi. Kila pikipiki iliyopanda kilima ilinitoa nje. Kila nambari nisiyoijua ilipoita, niliitazama mpaka ikanyamaza, kisha nikajuta, kisha nikashukuru kwamba imenyamaza. Darasani niliacha kinaya nikarudi kwenye vitenzi. Hakuna mtu aliyewahi kuuawa kwa sababu ya vitenzi, nilijiambia, ingawa sikuwa na hakika hata na hilo.

Mke wa mwalimu wa hesabu alikuwa anakuja kwangu kila alasiri, anakaa kwenye ngazi na ungo wa maharage. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Siku ya kumi na moja aliweka ungo chini.

"Dada, nikuulize. Hii mchezo, ni wewe uliandika?"

"Hapana, mama. Ilitokaka Bukavu."

"Watu banasema ni wewe. Mimi nikasema, hapana, angeniambia. Kama ni muntu wa Bukavu, mimi minamulaani tu, haiko shida. Kama ingekuwa wewe, ningekuomba tukae hapa tumungoje sisi wawili."

"Si tunakaa wote?"

"Tunakaa," alisema, akachukua ungo wake. "Lakini ninamungoja peke yangu."

Nilikaza macho kwenye maharage. Alikuwa anatoa mawe madogo na kuyatupa majanini, moja baada ya jingine, na mimi nilisikia kila moja linapoanguka. Ndipo simu yangu ilipoita. Nambari nisiyoijua. Ningeiacha inyamaze kama nyingine zote, lakini yeye alikuwa ananitazama.

"Alo?"

"Dada, ni mimi." Ilikuwa sauti ya mwalimu wa hesabu, karibu sana, kama mtu anayezungumza akiwa anatazamwa. "Niko Walikale. Niko muzima. Simu ni ya mukubwa. Yeye iko hapa."

Mke wake alisimama. Maharage yalimwagika ngazini. Nilibonyeza simu ili sauti itoke nje, naye akaja akasimama begani kwangu.

"Ulicheza?"

"Nilicheza mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akanyamaza, akasoma daftari peke yake. Nilimwambia ni mimi niliandika. Akaniuliza juu ya sentensi moja, nikashindwa kujibu. Akasema: wewe ni muntu wa hesabu." Alimeza mate, nilimsikia. "Anasema mukubwa wa kule Mushaki alimupatia habari yote. Ukumbi wote ulicheka, hata padri. Mama mumoja tu wa benchi ya tatu njo hakucheka. Anasema muntu hachekake kazi yake mwenyewe wakati anaogopa. Akaniambia: pigia huyo mama."

Niliinama nikaokota harage moja ngazini.

"Dada, sikiliza. Anasema mwandishi anafikiri mwenye kamba ni mujinga. Anasema haiko mujinga. Anajua asante ile ni ya namna gani, na bado anaipenda." Sauti nyingine ilisema jambo kwa mbali, polepole, kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. "Anauliza ulizo moja. Mzee pale mwisho, na mikono yake vile, anachoka ao hachoki? Haikuandikwa. Anasema kama mwandishi njo anajibu, mimi narudi kesho. Kama muntu mwingine anajibu, nabaki hapa mpaka mwandishi apatikane."

Katika miaka yangu yote ya masomo hakuna mtihani ulionitetemesha hivyo. Nilitafuta jibu ambalo angependa kulisikia. *Hachoki* lingempendeza mwenye kamba yeyote. Lakini huyu alikuwa mtu wa kusoma, na mtu wa kusoma angejua kwamba nimemjibu yeye, sikujibu mchezo. Begani kwangu mke wa mwalimu alikuwa hapumui.

"Mwambie," nilisema, na sauti ilikuwa ndogo mno, kwa hiyo nikarudia kama tunavyorudia kwenye kamba. "Mwambie ni mimi niliandika. Anachoka. Amechoka tangu mwanzo. Ndiyo maana anashukuru kwa sauti kubwa."

Nilisikia jogoo wa kule, na kiti kikisogezwa. Kisha ile sauti ya pili ilicheka, si sana, mara moja tu, kwa pua.

"Dada?" Mwalimu wa hesabu alikuwa analia au anacheka, sikujua. "Amesema nipande pikipiki kesho asubuhi. Amesema daftari anabaki nayo."

Mke wake aliichukua simu mkononi mwangu, bila ukali, akaiweka sikioni.

"Papa," alimwambia mume wake, "mimi na dada tuko hapa tunakungoja."