Kipimo Kilichodanganya Jichoni mwa Mama

Soko lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, kila mwenye duka Newala aliuza salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Msimu wa kupuliza watu walifurika kwangu na macho mekundu. Nilikuwa muuguzi wa macho, peke yangu, na mdomo wangu haukuwa na breki: "Salfa hiyo. Nawa, nenda zako."

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Ndugu zangu walikuwa wamehamia Dar. Mama akaanza kugonga mabega kwenye miimo ya mlango. Mtu akimpa mkono kutoka pembeni, hakuupokea. Majirani wakasema anaringa kwa kuwa mwanawe ni muuguzi, wakaacha kuja.

Nikamlaza, nikamtia dawa ya ganzi, nikamwekea kipimo juu ya jicho. Ni kichuma chenye sindano butu: ikizama sana, presha ya jicho ni ndogo; ikigoma, presha imepanda. Kwa mama ilizama vizuri. "Presha huna," nikamwambia. "Ni salfa na uzee. Uwe unatazama unakokwenda, basi." Nilimfokea hivyo mara nyingi, Mungu anisamehe.

Daktari mgeni alipofika Masasi nilimteremsha mama kwa basi, hasa nimalize malalamiko yake. Daktari akampima presha, kisha akampima unene wa kioo cha mbele cha jicho. Kilikuwa chembamba mno.

"Bonyeza machungwa mawili," akaniambia. "Lenye ganda jembamba litabonyea upesi, hata kama ndani yamejaa sawasawa."

Kumbe sindano yangu ilizama kwa sababu ya wembamba ule. Presha ilikuwa juu siku zote, ikiua mshipa wa nyuma ya jicho. La kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto lilibakiwa na kitundu cha kuonea mbele tu, pembeni giza. Tangu siku ile, mgonjwa aliyegonga milango nilimpeleka kwa daktari, kipimo kiseme kisemavyo. Kwa mama, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Njiani kurudi nililia, nikijichukia. Mama akanipapasa goti.

"Waambie ni salfa, mwanangu. Wakijua kipimo chako kilidanganya, nani atakuletea jicho lake?"

Hivyo ndivyo alivyomwambia kila aliyeuliza, mpaka akawa kipofu kabisa. Nami nikamwacha aongope kwa ajili yangu.

Siku ya mazishi yake jirani mmoja alinishika mkono, akasema salfa ilimtesa sana marehemu. Nikaitikia ndiyo. Walipotawanyika niliingia ndani, bega langu likagonga mwimo wa mlango, kama la mama zamani. Sikuwa na wa kumfokea tena.