Kombine ya Pili

Kwanza ilikuja sauti: kama mchele unaomiminwa juu ya bati, kisha pigo, kimya, pigo tena. Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo cha Bukavu, uani nikiosha sahani. Nilipoingia ndani nikamkuta mama kwenye kigoda, kombine ya simu sikioni, macho ameyafumba.

“Sikia,” akasema. “Kaka yako anapumua.”

Simu hiyo baba aliipata alipokuwa hai, ofisi moja ya misaada ilipoondoka mjini Baraka na kuwaachia walinzi wake vitu vilivyobaki. Kilikuwa kisanduku kimoja chenye antena, na kombine mbili zisizo na waya. Tulichokipenda ni kitufe kilichoziunganisha hizo mbili bila kuhitaji mtandao. Baba aliifunga antena juu ya mwanzi mrefu, na hapo nyumba yetu ikapata desturi yake: anayesafiri husindikizwa kwa sauti. Msafiri alitoka na kombine ya pili, mama akabaki mlangoni na ya kwanza, wakaongea hadi kelele ilipomeza maneno. Kelele hiyo ilianzia darajani. Hapo muuza mandazi mmoja aliipokea kombine na kuturudishia jioni.

“Mi sasa niko posta yenu,” alikuwa akitutania. “Siku moja nitawapigia muhuri usoni.”

Mlango haukufungwa kabla ya kelele kufika. Kumfungia mtu mlango angali anasikika, mama alisema, ni kumfukuza.

Kaka alipokwenda Misisi kuchimba dhahabu, alipanda nyuma ya pikipiki akicheka.

“Mama, funga mlango, nzi wanaingia.”

“Bado nakusikia.”

“Utanisikia mpaka Misisi?”

Kisha kelele. Hakusimama kwa muuza mandazi. Labda alisahau, labda dereva alikuwa na haraka. Kombine ya pili ilikwenda naye.

Miezi michache baadaye akaja mchimbaji mwenzake, vumbi jekundu kwenye kope, kutuambia kwamba shimo liliporomoka na kaka alikuwa chini. Hakuna aliyetolewa. Ilikuwa wiki hiyo hiyo sauti ilipokuja mara ya kwanza. Baba wadogo wakaja kupanga matanga. Mama akaiweka kombine mkekani, mbele yao, akabonyeza kitufe. Mchele ukamiminika. Pigo, kimya, pigo.

“Hii kitu haifiki Misisi,” akasema. “Haivuki hata daraja. Mutoto anasikika, basi iko hapa karibu. Anaona haya kurudi mikono mitupu. Matanga ya nini?”

Mimi nikaogopa, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sawa. Miaka yote tulijua kelele ndiyo ukingo wa mtu: aliyefika kwenye kelele bado hajatoweka.

Kila siku saa tisa alasiri sauti ikaanza upya. Mlango ulibaki wazi hadi giza, na sahani ya kaka ilifunikwa mezani. Nami nikaanza kusikia: kikohozi, mguu kwenye kokoto. Siku moja mama akiwa sokoni nilimwita kaka kwa jina lake. Mapigo yakaja matatu, ya haraka, na nikaitupa kombine kitandani kama kaa la moto.

Kesho yake nikagundua jambo. Nikielekea ziwani, kelele ilipungua. Nikielekea nyuma ya kanisa, ilikua. Nikaifuata, kombine sikioni, nikipita mihogo iliyoanikwa, nikimchungulia kila mwanamume aliyenipa mgongo. Ilipozidi hadi jino kuniuma nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda kipya cha kuchaji simu.

“We, hiyo simu ni ya mufalme gani?” mwenyewe akacheka.

Nilimwomba azime mashine yake ya kugeuza umeme wa betri. Akazima. Kombine ikawa safi kama chumba kilichofagiliwa.

Alikuwa ameanza kazi wiki ile ile tuliyopata habari. Mashine aliiwasha kila siku saa tisa, betri zake zikisha kushiba jua.

Nilinyamaza siku tatu. Siku ya tatu nikamsikia mama nyuma ya ukuta, akiiambia kelele kwa sauti ya chini: “Rudi tu, baba. Hata mikono mitupu.” Nikamshika mkono, nikampeleka.

Watu waliokuwa wakingoja simu zao walimpisha. Aliisikiliza kombine, kisha akamtazama mwenye kibanda.

“Zima.”

Kaka akanyamaza.

“Washa.”

Akapumua.

“Zima.” Na kijana aliposogeza mkono tena: “Hapana. Acha hivyo kidogo.”

Alisimama na ule ukimya sikioni. Mwishowe akaishusha kombine.

“Washa, mwanangu, batu wanangoja.” Na kwangu: “Ita baba zako wadogo.”

Tukafanya matanga. Mama alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Asubuhi ya mimi kurudi chuoni Bukavu, nilimkuta amesimama mlangoni. Kombine haikuwa mkononi mwake. Alinikumbatia, akanipangusa unga begani.

“Ukifika utanipigia kwa simu ya kawaida.”

“Ndiyo, mama.”

“Haya. Enda.”

Nilikuwa sijaufikia ua wa jirani, viatu vyangu bado vikilia kwenye kokoto, nilipousikia mlango ukifungwa nyuma yangu.