Nyama Tuliyoitupa Baharini

Asubuhi ile nilikuwa nakaanga samaki, na Nassor, fundi wa mitambo, alikwisha kuniibia vipande viwili.

"We unakaangia watu au unakaangia sufuria?" akanitania.

Nilikuwa mpishi wa meli ya mizigo ya Kijapani, na kwa upishi sikuwa na mpinzani Ghuba nzima. Nasema bila ya kuona haya. Kabla samaki hawajaiva, wanajeshi wakapanda. Vita vilikuwa vimepamba moto, na nchi tuliyotia nanga ilikosa meli, basi jeshi lake la majini likaichukua yetu. Nahodha Mjapani akateremshwa. Wakaipaka meli rangi ya kijivu hadi jina lake likapotea, wakafunga mzinga juu ya sitaha. Anayetaka kuondoka, ruhusa. Nassor hakukubali kuziacha mashine zake. Khalfan, baharia, mtu wa Maskati kama sisi, akasema tulipo yupo. Na mimi jiko langu simwachii mtu.

Kombora lilitupata tumeshatoka baharini, wakati wa chakula cha mchana.

Meli iliruka. Masufuria yakanimwagikia.

Nilimkuta Nassor mlangoni mwa chumba cha mashine, mwili mzima, roho hana. Khalfan alikuwa kwenye ubavu wa meli uliopigwa. Ubavu wenyewe haukuwapo.

Meli ikawa inavuja, na bandari salama ya karibu ilikuwa Maskati. Afisa akataka Nassor azikwe baharini kabla ya magharibi.

"Bwana mkubwa," nikamwambia, "nchi kavu haiko mbali, na huyu ana mama. Mimi nna chumba cha barafu."

"Kimejaa nyama ya chakula cha askari wangu."

"Itatoka."

Nilikuwa nimeshamkamata mbuzi wa kwanza mguu. Afisa akanitazama, kisha akageuka akenda zake. Askari wenyewe wakanisaidia kuitupa nyama baharini. Mpaka Maskati tulikula tende na mkate mkavu, na hakuna aliyenung'unika. Sasa mimi ni mzee, nakaa Khuwair, hapa hapa Maskati, na mpaka leo sijaijutia nyama ile hata kipande.

Tulimfikisha Nassor kwao, mtaa wa Hail. Mama yake, Bi Zuwena, akamfunua uso, akambusu.

"Ahsante, mwanangu," akaniambia. "Umenirejeshea."

Niliona fahari.

Kisha akaingia mama yake Khalfan, ametoka mtaa wa Ansab. Akanijia moja kwa moja.

"Na wangu mie, hakubaki hata kidole?"

"Hakubaki, mama."

Akatikisa kichwa. Akasogea penye maiti, akasimama.

"Bi Zuwena, nami nimshike mkono?"

Bi Zuwena akautoa mkono wa mwanawe chini ya shuka, akamwekea kiganjani. Mama yake Khalfan akakaa naye hivyo, mpaka walipokuja wanaume kumchukua kwenda kumzika.