Picha Nane za Pori la Ipole

Kamera niliinunua kwa fundi saa mmoja wa hapa Tabora mjini. Yeye aliipata wapi sijui. Sikumuuliza, na wewe usiniulize. Shule nilisoma madarasa mawili tu, ila kamera haitaki madarasa. Inataka jua na mtu asiyetikisika.

Mwingereza alikuwa bado anatawala, nami nilikuwa nashona kanzu barazani kwa kaka yangu. Kaka alikuwa fundi hodari, lakini aliimba wimbo mmoja kutwa nzima. Tuyaache hayo. Bwana Nyama, yule mzungu wa serikali aliyesimamia wanyama wa porini, alitaka mtu wa kumpigia picha za wanyama na mandhari. Akaniambia, "Niletee picha za kweli, kazi utapata." Niliitaka kazi ile kuliko kuoa, na kuoa nilikuwa nakutaka sana.

Nilikuwa na filamu moja, picha nane. Nikaenda Ipole kwa mjomba, ndugu wa mama yangu, mrina asali. Kesho yake asubuhi akatoka ndani amevaa koti la kanisani.

"Tunaenda porini, mjomba, si kwenye ibada."

"Kwani mtu anapigwa picha na matambara?"

"Hupigwi wewe. Anapigwa twiga."

Akanitazama kama mtu aliyeandaliwa ugali bila mboga. "Pori hili kaniachia baba yangu. Mizinga yangu, miti yangu. Utaingia kwa mtu, upige picha mbuzi wake, mwenyewe umwache mlangoni? Mpwa wangu, huko mjini ndiko mnakofundishwa hivyo?"

Nikabeba kamera, nikamfuata. Kwetu pori lina mwenyewe, na mwenyewe harukwi.

Basi tulipomkuta twiga, mjomba akatangulia polepole, akageuka, akasimama wima, mikono ubavuni, bila kucheka. Twiga nyuma yake anatafuna. Nikapiga. Swala, vilevile. Kwenye bwawa lenye ndege korongo aliingia majini na viatu. Picha saba, mjomba saba.

Ya nane nilimsihi, "Hii moja tu, mjomba, kaa pembeni." Akakaa, amenuna. Nikawanyemelea pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, peke yangu, nanukia sabuni ya mjini. Nilichopiga ni vumbi.

Nikarudi mjini, picha zikasafishwa, Bwana Nyama akazipanga mezani.

"Huyu nani?"

"Mjomba wangu, Bwana."

"Na huyu?"

"Ndiye huyohuyo."

Akachukua kioo cha kukuzia, akazipitia moja moja. Nikajua kazi imekwenda. Kisha akauliza, "Twiga yuko hatua ngapi nyuma yake?"

"Kama kumi na tano."

"Na hakukimbia?"

"Wamezoeana, Bwana."

Akaiangalia ile ya nane. "Na hapa yeye yuko wapi?"

"Nilimweka pembeni."

"Mlete huyo mjomba. Wewe kashone."

Nilirudi Ipole kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na njia ile ni ndefu kwa mtu aliyebeba habari njema za mwenzake. Nilimkuta mjomba anakula. Nikamwamkia, nikamwambia serikali inamtaka kazini.

"Kazi gani?"

"Ya kusimama."

Akafikiri kidogo. "Hiyo naiweza," akasema, akaninawisha mikono, akanisogezea bakuli.