Mwaka Niliopiga Marufuku Pilau

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Karatu, nina watoto watatu na maoni mengi. Mwanzoni mwa Desemba, tukiwa tunakula, niliweka kijiko chini nikamtangazia mke wangu kwamba nyumba yetu haitanunua kitu chochote kwa ajili ya Krismasi. Hakuna nguo mpya, hakuna mchele, hakuna soda. Tutakwenda kanisani, tutarudi, tutakula makande kama siku nyingine.

Nilikuwa nimejiandaa kubishiwa. Hata majibu nilikuwa nayo.

"Sawa, Baba watoto," alisema, akaendelea kumpoozea mtoto uji.

Ilinikera kidogo. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, na duka la kijiji lilikuwa na viberiti, majembe, na muuzaji anayesinzia. Kukataa vitu ambavyo havipo si kazi ngumu, lakini wakati ule sikuliona hilo. Nilijiona mtu mwenye msimamo. Nikaupeleka msimamo wangu mpaka kwenye mkutano wa wazazi, nikawaambia waige wafugaji.

Mfugaji niliyemfahamu alikuwa mmoja tu. Alitoka upande wa Endulen, ng'ambo ya kreta, na kila alipoleta mbuzi mnadani Karatu alilala kwetu, kesho yake akarudi na mahindi. Alikuwa amebatizwa miaka michache kabla. "Huyo," niliwaambia wazazi, "Krismasi yake ni maziwa na sala. Pilau haimhusu." Sikuwahi kumuuliza. Nilimwona amekaa kimya, fimbo magotini, shuka begani, yaliyobaki nikayajaza mwenyewe. Alipokuja mnadani tena nikamwalika aje na familia yake sikukuu. Nilitaka watu wamwone.

Siku hizo hizo fundi alinimalizia Kaunda suti ya rangi ya ugoro. Hiyo sikuihesabu. Nilijiambia ni nguo ya kazi, imetokea tu kuwa tayari Desemba. Asubuhi ya Krismasi nilitoka nayo chumbani, kola imesimama. Wanangu walikuwa mlangoni na nguo za mwaka juzi, mikono ya mashati imeishia kwenye viwiko. Mke wangu alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Na hiyo?"

"Ya kazi."

"Leo unafundisha?"

Nikasema tutachelewa ibada. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Njia nzima niliruka madimbwi, nimeshikilia suruali kwa mikono miwili, huku nikiwahubiria watoto kwamba nguo si kitu.

Tuliporudi tukamkuta mgeni wangu uani na mkewe na watoto wanne. Wote walikuwa na shuka mpya, nyekundu za kuumiza macho, bado zina mikunjo ya dukani. Mama na mabinti walijaa shanga shingoni. Dume la kondoo lilikuwa limefungwa kwenye ua wangu. Walikuwa wametembea siku mbili, wamelala njiani kwa jamaa.

"Mwalimu, umependeza!" alisema.

"Nanyi pia," nikajibu kwa sauti ndogo.

Akanusa hewa kuelekea jikoni. "Pilau bado?"

"Pilau?"

"Watoto walichoka kule kwenye ukingo wa kreta, wakataka kulia. Nikawaambia twendeni, kwa Mwalimu leo kuna pilau. Ndiyo iliyowafikisha."

Nikakohoa. "Ndugu yangu, mwaka huu tumeamua kusherehekea bila makuu. Kama ninyi."

"Kama sisi vipi?"

"Maziwa... na sala."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama ndama aliyezaliwa na kasoro. "Mwalimu, maziwa tunakunywa kila siku. Kusali tunasali kila siku. Sasa Krismasi tutaijuaje?"

Nilisimama pale na suti yangu, watoto saba wa nyumba mbili na jirani wakinitazama.

Mke wangu aliingia chumbani. Nikasikia akivuta kitu kizito kutoka uvunguni mwa kitanda, kitanda nilichokuwa nikilala juu yake kila siku na msimamo wangu. Akatoka na mfuko wa mchele. Alikuwa ameupata kwa watu wa malori waliokuwa wakishuka Mang'ola kufuata vitunguu, wiki ile ile ya tangazo langu.

"Nilisema hatununui," nikanong'ona.

"Sijanunua. Nimewapa maharage." Akanipa kisu. "Vua nguo za kazi, Baba watoto. Kuna kazi."

Tulimchinja kondoo. Mchele haukutosha watu waliokuja kwa kufuata harufu, kwa hiyo makande nayo yaliingia, na mke wa mgeni wangu akayapenda kuliko pilau. Mimi nilikula sahani mbili za pilau na kuomba ya tatu. Hakuna aliyenisema. Mke wangu alinipakulia tu, akitabasamu, na hilo ndilo lililoniuma.

Mvua ikawazuia wageni siku tatu. Siku ya kuondoka, mgeni wangu alinivuta pembeni, akaniuliza kwa adabu kama mwakani waje tena, au nitakuwa na mpango mwingine. Nikamwambia mipango yote sasa anapanga mama watoto. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akanipa mkono, wakaanza kupanda kilima.